Pumba za Nzige Katika Maua ya Siwema

Nyumbani kwa marehemu Mzee Zahoro,
Njia ya Kibaha, Kisarawe.
Alhamisi, 14 Machi 1946

Mpendwa mpwa wangu Mwinyimadi,

Shangazi yako Biubwa alisema jana mchana, jikoni kwake, mbele yangu na mbele ya Mwamini mke wa mdogo wako Isihaka, kwamba asubuhi ya siku aliyougua baba yako aliambiwa awafungie kuku wake na hakuwafungia. Hiyo ndiyo habari mpya kuliko zote nilizo nazo. Nimeitanguliza kabla ya salamu kwa sababu barua ya Isihaka uliyoipata mwezi uliopita haikuwa nayo, na karatasi aliyokutumia uitie sahihi haikuwa nayo pia.

Sasa nakusalimu. Shikamoo uliyoniletea kwa barua nimeipokea, marahaba. Hujambo wewe na kazi ya reli? Mkeo Sikudhani hajambo, na watoto? Uliandika kwamba mdogo alikuwa akikohoa tangu Tabora ianze kupata upepo wa vumbi. Niambie kama kifua kimepona. Sisi huku tunatembea na kula. Goti langu la kushoto bado linaniuma nikipanda kilima cha Pugu, lakini napanda. Gazetini wamenipa ruhusa, nami nimekaa hapa nyumbani kwenu tangu juma lililopita.

Pokea tena pole ya kufiwa na baba. Simu niliyokupelekea ilisema tu kwamba amefariki kwa tumbo. Ndivyo nilivyoambiwa siku ile. Baadaye ukapata barua ya Isihaka inayosema mama yenu wa kambo, Siwema, amemwua kwa sumu. Nimewauliza wote waliokuwapo, mmoja mmoja, na wengine mara mbili. Nakuandikia nilichokisikia na nilichokiona, na pale nisipojua nitasema sijui.

Ujue kwanza nimesimama wapi. Isihaka ni mwana wa marehemu dada yangu kama wewe. Siwema si damu yangu. Aliingia katika nyumba aliyokuwa akikaa dada yangu. Kama ningekuwa na wa kumtetea katika jambo hili, angekuwa Isihaka.

Ulipoondoka hapa kulikuwa na kichaka kimoja tu cha asumini karibu na mtungi wa maji. Sasa bustani inaanzia ukuta wa nyuma mpaka kwenye mihogo. Kuna mawaridi, mrehani, asumini iliyokwezwa juu ya wigo mzima, na mkadi mmoja pembeni. Siwema alikuwa akifunga vikuba vya maua na kupeleka kwenye arusi, na kila Maulidi watu wa msikitini walimtegemea yeye. Nyumba ya Biubwa, kama unavyokumbuka, iko ng'ambo ya uwanja uleule, na kuku wake kwa desturi hawafungiwi mchana tangu wewe mtoto.

Maua na kuku wanaotembea ovyo hawakai pamoja kwa urahisi. Kuku akiona udongo laini uliopaliliwa hulala humo ajipake vumbi, na akiondoka mizizi iko nje juani. Miche ya mrehani huidonoa ikiwa na majani mawili. Siwema aliyatatua hayo polepole. Miche aliifunika kwa matenga mabovu mpaka ishike. Kuzunguka mashina ya mawaridi alipanga mawe ya ngumi ili kuku asipate pa kuchimba. Alasiri, matenga yakiwa yamekwisha kuwekwa, Biubwa aliwafungulia kuku wigo waingie kula panzi na funza, na kabla ya magharibi wakatolewa. Samadi ikabaki bustanini. Wanawake hawa waligombana kila siku iliyoumbwa na Mungu, lakini mpango wao ulifanya kazi kwa miaka.

Mwisho wa Januari tunutu walitoka ardhini nyuma ya mihogo. Unawajua, watoto wa nzige wasiokuwa na mabawa, weusi na manjano, wanaotembea kwa safu. Kuku waliwala siku ya kwanza na ya pili, wigo ukiachwa wazi tangu asubuhi. Siku ya tatu, Mwamini anasema, kuku walisimama wakiwatazama tunutu wanapita kati ya miguu yao, wameshiba. Siwema akajaribu majivu, kisha maji ya pilipili. Kila alipojaribu kitu alimwomba Biubwa kuku wakae ndani, na kila mara Biubwa aliwafungia, na tunutu wakaendelea kula. Mawaridi upande wa mihogo yalibaki vijiti. Maulidi yalikuwa juma linalofuata.

Isihaka wakati huo alikuwa amerudi kutoka Kibaha, alikokuwa kibarua katika kambi ya watu wa nzige. Kazi yao ilikuwa kumwaga pumba za mahindi zilizochanganywa na sumu na maji ya sukari guru katika njia ya tunutu. Kila kijiji kabla hakijafikiwa hupigiwa mbiu: mbuzi wafungwe, kuku wafungwe, mnyama atakayekufa afukiwe, asiliwe. Isihaka amezisikia mbiu hizo kuliko mtu yeyote hapa, kwa sababu nyingine alizipiga yeye. Kambi ilipohama alikuja nyumbani na pumba nusu debe, akalitundika debe jikoni kwake juu ya mafiga, watoto wasilifikie. Watu wengi wa vibarua hivyo walifanya hivyo, kila mmoja akiwaza shamba lake la mahindi.

Hapa maneno yanatofautiana. Isihaka anasema Siwema alizichukua pumba bila ruhusa yeye akiwa shambani. Siwema anasema alimwomba na akapewa. Nilimwuliza Mwamini tukiwa wawili, anatwanga. Hakuacha kutwanga.

"Alimpimia mwenyewe kwa kibaba, mjomba. Mimi ndiye niliyeshika taa. Akamwambia, mama, hizi si za mchezo, kuku wafungwe siku nzima."

Nikamwuliza kama atalisema hilo mbele ya Liwali.

"Nikilisema, jioni yake nitalala wapi?"



Sasa siku yenyewe, Ijumaa tarehe 8 Februari. Siwema alimwaga pumba bustanini kulipopambazuka, akachuma asumini iliyobaki, akajitwisha pakacha kwenda Kisarawe mjini kuliko na arusi. Alipopita mlangoni kwa Biubwa walisemezana. Maneno nimeyapata kwa Mwamini, nayo Biubwa jana hakuyakana hata moja.

"Wifi, leo kuku wasitoke mpaka nirudi. Nimemwaga pumba za Isihaka."

"Juzi majivu, jana pilipili, leo pumba. Kesho utatuambia na sisi tusitoke."

"Nakwambia wafunge."

"Kuku wangu wamezaliwa hapa kabla wewe hujaolewa."

"Haya. Basi wakifa usinililie."

Baba yako alikuwa barazani na mswaki wake, akacheka. Alisema, "Nyinyi wawili mngekuwa majogoo mngekwisha kuuana zamani." Siwema akaenda zake.

Hilo neno la mwisho la Siwema ndilo linalozungushwa sasa mpaka Kibaha. Aliyekusudia kuua, wanasema, ndiye anayesema wakifa usinililie. Nimelisikia dukani, nimelisikia msikitini, na nimelisikia kutoka kwa mtu niliyemkuta njiani asiyemjua Siwema kwa uso. Hakuna hata mmoja aliyenitajia maneno yaliyotangulia. Wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia, maana waliosikia yote walikuwa watatu: mmoja amekufa, mmoja anaogopa kuachwa, na wa tatu alikuwa hajafungua kinywa mpaka jana.

Kuku walitoka kama kawaida, wakaingia bustanini. Kabla ya adhuhuri walianza kuyumba. Wengine walikaa chini wakanyoosha shingo, wengine wakazunguka mahali pamoja. Biubwa alipiga kelele, na baba yako akiwa palepale barazani akasema, "Wawahini kisu, msiniletee mizoga." Unajua hii ni desturi ya nyumba zetu zote. Kuku akiugua hangojwi afe. Huwahiwa akiwa bado anapumua, bismillahi inasomwa, nyama inakuwa halali na hasara inapungua. Kila mwaka mdondo ukiingia watu hula kuku mpaka wakachoka, na hakuna anayedhurika.

Isihaka aliitwa kutoka shambani. Aliwachinja saba. Anasema aliona wanayumba akadhani ni mdondo. Hakuwapo asubuhi, hakusikia yaliyosemwa mlangoni. Nilimwuliza kama zile pumba hazikumjia kichwani. Alisema hapana. Nilimwuliza tena siku ya pili, akainuka kwenda kufunga mbuzi ambaye alikuwa amefungwa tayari.

Biubwa akapika. Firigisi zote na maini yote ya kuku saba yalikwenda kwa baba yako, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Si kawaida mtu kupata firigisi saba kwa mlo mmoja. Mwamini anasema alizitazama kwenye sahani akasema, "Leo mmenifanya bwana arusi." Wengine walikula nyama na mchuzi. Biubwa, Isihaka na Mwamini walitapika jioni ile na kuumwa siku mbili, wakapona.

Siwema alirudi alasiri imekwisha kupita. Aliona manyoya nyuma ya jiko. Akauliza ni kuku gani waliochinjwa. Alipoambiwa, alichukua chungu kilichobaki na nyama akakimwaga chooni, kisha akakimbilia kwa mumewe. Alimkuta ameinama kwenye ukingo wa baraza anatapika.

Angalia jinsi mambo haya mawili yanavyosomwa sasa. Hakula, kwa hiyo alijua. Alimwaga chungu, kwa hiyo alificha. Kama angekula angekuwa mjinga, na kama angekiacha chungu angekuwa muuaji wa watoto pia. Nimeandika habari za mabaraza kwa muda mrefu, na mara nyingi nimeona mtu akihukumiwa kwa kitendo pekee cha busara alichokifanya siku hiyo.

Jumamosi asubuhi alikuja Bwana Lucian, dresa wa zahanati. Aliuliza marehemu alikula nini. Akaomba kuku aliyekufa bila kuchinjwa. Walimpata mmoja ndani ya mihogo. Akampasua gole, kile kifuko cha chakula shingoni. Lilikuwa limejaa pumba, na zilinukia sukari guru. Alisema palepale kwamba hii ni sumu ya nzige, na kwamba firigisi na ini ndizo sehemu za kuku zinazobeba zaidi. Alifanya alichoweza kwa maziwa na maji ya chumvi. Baba yako aliona kiu kali mpaka mwisho na alikuwa na akili zake. Alifariki kabla ya magharibi. Hakumlaumu mtu. Aliuliza kama mvua ya jana ilifika shamba la bondeni.

Alizikwa Jumapili. Mrehani uliokuwa umewekwa kwa ajili ya Maulidi uliwekwa kaburini. Tunutu wakaota mabawa juma lilelile, wakaruka kuelekea Ruvu. Pumba au hakuna pumba, wangeondoka.

Watu wa boma walikuja, wakauliza, wakaandika kwamba ni ajali. Upande huo umekwisha. Ulio wazi ni huu wa mirathi. Isihaka amepeleka shauri kwa Liwali kwamba Siwema atolewe katika warithi na atoke katika nyumba, kwa kuwa mtu aliyeua hamrithi aliyemwua. Sheria hiyo ipo, na kwa mashehe wetu hata aliyeua bila kukusudia hana fungu. Shauri likipita, Siwema atapoteza thumni yake, fungu la mke, ataondoka kabla eda haijaisha, na hilo litakuwa limesemwa na Liwali, kwamba yeye ndiye aliyemwua mumewe. Karatasi uliyotumiwa inasema wewe, mtoto mkubwa wa marehemu, unakubali hivyo.

Nilikwenda Zegereni Jumamosi kumwona Kibwana, ndugu yake Siwema, kujua kama atampokea. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji ya dafu. Kisha akasema, "Mwambie dada aje akishasafishwa. Nina binti wa kuoza mwaka huu, na wakwe wameanza kuuliza." Nilimwuliza, na kama hakusafishwa? Akaita mtoto aniongezee maji.

Siwema mwenyewe yuko chumba cha ndani, amevaa kaniki, hatoki. Nimeongea naye nikiwa upande wa pili wa pazia. Sauti yake ni ileile. Nilimwuliza kwa nini hakuzizoa pumba alipoona Biubwa anabisha. Alisema alikuwa amechelewa, na kwamba mara zote zilizopita wifi yake alibisha kwa mdomo na kufunga kuku kwa mkono. Alidhani atabisha tena kwa mdomo na kufanya vilevile. Nilimwuliza anataka nini kutoka kwa shauri hili.

"Shamba wachukue. Nataka nimalize eda ya mume wangu ndani ya nyumba yake. Baada ya hapo sina neno."

Bustani haina mtu. Mwanamke wa eda hagusi manukato, na asumini inachanua kila jioni na kuanguka chini bila kuchumwa. Asubuhi unaikuta imekuwa rangi ya chai. Mawaridi yaliyoliwa na tunutu yametoa machipukizi mapya, na kuku waliosalia wanayadonoa. Mawe ya mashinani yamesogezwa. Juzi nilikuta kuku jike ameatamia katikati ya mrehani, nikamwacha. Debe na pumba zilizobaki tulivifukia nyuma ya choo, mimi nikisimamia na Isihaka akichimba. Alichimba shimo refu kuliko nilivyomwambia.

Nakuomba usimchukie mdogo wako. Hataki shamba kama watu wanavyodhani. Nimemtazama. Anajua debe liliingia hapa begani kwake, na anajua kisu kilikuwa mkononi mwake. Kwa hesabu ile anayotaka Liwali aitumie kwa Siwema, yeye atatoka kwenye mirathi kabla ya Siwema, na hilo ndilo analolikimbia. Lakini anapokimbia anamkanyaga mtu.

Sasa nirudi kwa Biubwa, maana mwanzoni sikukuandikia yote aliyoyasema.

Jana nilikwenda jikoni kwake kuomba moto. Mwamini alikuwa akimsaidia kuchambua mchele. Sikumwuliza kitu, nilikuwa nimekwisha kumwuliza juma zima, naye kila mara alijibu kwa lile moja, wakifa usinililie, wakifa usinililie. Jana alilianza tena bila kuulizwa. Mwamini, ambaye sikutazamia aseme neno mbele yake, akasema taratibu, "Lakini mama, hilo alilisema baada ya kukwambia uwafungie."

Biubwa aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Aliniambia. Sikuwafungia."

Mwamini akainua macho kunitazama. Biubwa hakuwa amemaliza.

"Na walipoanza kuyumba nilijua, shemeji. Nilijua ni pumba. Nilipowapasua nilizikuta magoleni. Nikasema moyoni, zile ni sumu za wadudu, na kisu kimewahi, na jina la Mungu limetajwa. Nyama ni halali. Nikamwekea ndugu yangu kilicho bora."

Nikamwuliza kama alimwambia Isihaka kwamba kuku wamekula pumba, alipomwita achinje.

"Nilimwambia tu alete kisu."

Hapo ndipo palipokatika, Mwinyimadi. Kama angemwambia Isihaka neno moja, Isihaka angejua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipiga mbiu kwamba nyama hiyo isiliwe. Aliyejua habari ya nyama hakujua habari ya pumba, na aliyejua habari ya pumba hakujua habari ya nyama. Siwema, aliyemwonya mwenye kuku, alikuwa arusini. Ilikuwa halali, Biubwa hakukosea katika hilo. Sumu ilikuwa ndani vilevile.

Nilimwomba ayaseme hayo barazani. Alifuta mikono. Alisema, "Nimekwambia wewe. Liwali sitamwambia. Niseme mbele ya watu kwamba nilimlisha Zahoro sumu kwa mkono wangu? Mimi niliyembeba mgongoni?" Nikamwambia kwamba asiposema, Siwema atatolewa kwa neno ambalo yeye Biubwa anajua si kweli. Akasema, "Yeye bado ana miguu, ataenda kwao." Sikumwambia yaliyosemwa Zegereni. Labda nilipaswa.

Alipokuwa akinisindikiza mlangoni akauliza kama wewe utakuja kwenye shauri. Nikasema sijui. Akasema, "Akija, sitaweza kumtazama." Kisha, baada ya kunipa moto kwenye kigae, "Lakini akiniuliza yeye, sitamdanganya. Nimemlea."

Kwa hiyo ninachokuomba si fedha, wala si ushauri. Baada ya kufa mama yako, miaka minne ulikula chungu cha Biubwa na kulala kwenye mkeka wake. Hapa hakuna mtu mwingine ambaye atamjibu. Mimi nimekwisha kufika mwisho wa niwezayo. Nikisimama mbele ya Liwali na kurudia aliyoyasema, atakana, na mimi nitakuwa mjomba wa mshtaki anayemtolea ushahidi mke wa pili. Mwamini hatasema peke yake. Amenambia jana jioni kwamba shangazi akitangulia, yeye atafuata, hata kama atafukuzwa na kulala kwetu.

Usiitie sahihi ile karatasi kabla hujakaa na shangazi yako. Ukishamsikia, fanya utakavyoona. Huenda ukamsikia na bado ukaamua Siwema aondoke. Hiyo ni haki yako na sitakugombeza. Na ujue pia kwamba ukweli huu hautamrudisha mtu, tena utamvunja mwanamke mzee aliyekulea. Sijapata njia ambayo hakuna anayevunjika. Nimetafuta.

Arubaini ya baba yako itasomwa Alhamisi ijayo. Huwezi kuiwahi, na hakuna atakayekulaumu. Soma Yasini huko uliko.

Nisalimie Sikudhani, umwambie uzi wa kushonea aliouagiza nimeupata na nitakupa wewe umpelekee. Wabusu watoto. Isihaka anakusalimu, sikumwambia ninaandika nini, lakini aliniona na kalamu akasema nimwambie kaka yake shikamoo. Mwamini anakusalimu. Biubwa hakutuma salamu; aliuliza tu kama unakula vizuri. Siwema anasema Mungu akupe subira katika msiba wa baba yako, na kwamba koti la baridi la marehemu ameliweka kwa ajili yako.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na akufikishe salama.

Treni ya bara inafika Pugu Jumamosi tarehe 6 Aprili. Nitakuwa stesheni. Jumapili tutampisha Biubwa asali adhuhuri, kisha utaingia jikoni kwake peke yako. Shauri limepangwa kusikilizwa Jumatatu tarehe 8 Aprili, saa tatu asubuhi.

Ni mimi mjomba wako, mwenye kukupenda na kukungoja,

Husseini